Haya Baba, Kushoto

Nianze na ukweli: kwenye habari hii mjinga ni mimi. Siyo mjinga wa kupotea njia. Ni mjinga wa kumsaidia mwizi kubeba mzigo, halafu akamuuliza kama mabega hayamuumi. Nasema mapema ili nyie wenzangu wa rika langu, tuliokimbiza matairi pamoja, msije mkanicheka katikati nikasahau nilipofika. Chekeni sasa. Mkimaliza tuendelee.

Nina kibanda Rwamgasa, huku machimbo ya Geita. Nachaji simu, nabadilisha vioo vilivyopasuka, narusha nyimbo kwenye memori. Nyuma yangu kuna karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, inanguruma kutwa nzima, kwa hiyo nimezoea kuongea kwa kupayuka. Hata nikienda kuungama padri ananiambia nipunguze sauti, dhambi zinasikika hadi nje. Nilikuja huku kutafuta maisha. Sikuja kumtafuta mtu. Ila nikiona mzee anatembea kwa shida barabarani kichwa kilikuwa kinanyanyuka chenyewe, nakiambia, we kichwa, shuka, kuna simu ya watu hapa.

Sasa juzi juzi, asubuhi, akaja binti wa kama miaka kumi na miwili. Kashika memori kadi kwenye kipande cha kitambaa, kama mtu anayepeleka jino kwa daktari.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Imekufa?"

"Haijafa, inakatakata. Ni ya baba. Ina wimbo mmoja tu."

"Wimbo wa nani?"

"Hauna mwenyewe. Ni dumu. Baba hawezi kutembea bila huo."

Nikacheka. Nikamwambia hata mimi nina wateja hawawezi kutembea bila muziki, wakitoka baa. Hakucheka. Nikachomeka kadi kwenye kompyuta, nikavaa hedifoni kwa sababu ya karasha. Kwanza kuna jogoo. Halafu mtoto wa kiume, sauti nyembamba yenye kujiona, anasema, "Haya baba, kushoto!" Halafu dumu likaanza.

Wenzangu, ile sauti nyembamba ni yangu. Ni mimi, darasa la saba, nina dumu la mafuta ya kula mapajani na mwiko wa mama mkononi.

Baba alikuwa mchimbaji wa huku huku. Sisi tulikuwa nyumbani, kijiji cha upande wa Tinde, mama analima pamba na mahindi, mimi nachunga ng'ombe wanne, kila mmoja ana akili kunizidi. Baba alikuwa anakuja baada ya miezi. Ukisikia mluzi wake kwa mbali unajua kuna biskuti. Halafu akaja mara moja bila mluzi. Kashushwa na pikipiki, kashikwa kwapa huku na huku, wakamkalisha kwenye kigoda mbele ya nyumba, wale waliomleta wakanywa maji wakaondoka. Nilisubiri biskuti mpaka nikaona aibu.

Miguu ilikuwa ipo. Ukiigusa ina joto, ukiifinya anasema "acha, we mtoto." Ila ilikuwa haianzi. Anasimama vizuri, anainama mbele kama mtu anayetaka kwenda, juu kote kunaenda, chini kumebaki. Nyayo zinagandia ardhini. Akilazimisha anapiga hatua ndogo ndogo za kuburuza, kama anasukuma vumbi, halafu anaganda tena. Na mikono inatetemeka, kikombe cha chai kikimfikia kinafika nusu. Majirani walikuwa na majibu mengi kuliko maswali. Wengine walisema ni zebaki, maana alikuwa anaichanganya na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu, halafu anaichoma anakaa pale pale kwenye moshi. Wengine walisema karogwa na mwenzake wa kwenye duara, shimo la kuchimbia, wakagombana dhahabu. Mama alikuwa anamwosha.

Shuleni wakampa jina. Sanamu. "Mabula, Sanamu kaamkaje?" Nilipigana mara mbili, mara zote mbili nikashindwa, nikagundua mdomo wangu unapiga vizuri kuliko ngumi. Hapo ndo nilipoanza hii tabia ya utani ambayo mnanijua nayo. Mtu akisema Sanamu, nasema ndiyo, na baba yako ni bure, Sanamu angalau watu huenda kuiangalia. Darasa zima linacheka. Mimi nacheka kushinda wote. Nikifika nyumbani nakwenda zizini kukaa na ng'ombe mpaka uso urudi kawaida.

Mwaka ule nilikuwa namaliza. Mahafali yetu wazazi walikuwa wanakuja wawili wawili, mwalimu anasoma jina lako, unasimama, na wao wanasimama huko walipokaa ili watu wote waone huyu ni mtoto wa nani. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani. Nilitaka baba aje kwa miguu yake, apite mbele ya wale waliomwita Sanamu, asimame jina langu likisomwa. Sikutaka zawadi wala keki. Hilo tu.

Dawa yetu ilikuja kwa bahati. Jirani aliita kikundi cha bugobogobo kumlimia shamba, wale wanaolima kwa ngoma, mnawajua, jembe juu wote, jembe chini wote, yaani ardhi inalia mara moja kama imepigwa na mtu mmoja mkubwa. Baba wakati huo alikuwa kagandia njiani, anatoka chooni, mkono mmoja umeshika suruali, mwingine umeshika ukuta. Mama kaenda bombani. Mimi nilikuwa namwangalia kwa mbali najifanya simwoni, maana alikuwa hapendi uone.

Ngoma ikapiga. Mguu wa kushoto ukanyanyuka.

Nilidhani nimeona vibaya. Ngoma ikapiga tena, na wa kulia ukanyanyuka. Siyo kuburuza, kunyanyuka, goti likakunja kama la mtu. Akaanza kwenda. Akapita nyumba, akapita zizi, akaingia shambani kwa jirani, uso wake umeshangaa kuliko wangu, akaingia kwenye mstari wa wakulima bila jembe, suruali kaishika kwa mkono. Wale wakadhani mzee kaja kucheza. Wakamshangilia na kumsalimia kwa Kisukuma. "Yaaa, Baba Mabula! Mwangaluka!" Wakaongeza ngoma. Akaenda nao mpaka mwisho wa shamba, na waliposimama kunywa uji, naye akasimama. Akagandia pale pale katikati ya matuta mapya. Ilibidi mpiga ngoma arudishwe kumpeleka nyumbani, anapiga nyuma yake kama anaswaga ng'ombe.

Mama aliporudi na ndoo kichwani akakutana nao njiani. Ndoo haikumwagika, mama yangu ni mtu wa ajabu. Alisema tu, "Mabula, nenda kajifunze huo mdundo kabla hawajaondoka."

Nikajifunza siku hiyo hiyo. Ngoma hatukuwa nayo, tulikuwa na dumu la njano la lita ishirini. Fimbo zilikuwa zinavunjika, nikachukua mwiko wa ugali. Nikigonga katikati ya ubavu linatoa sauti nzito, nikigonga karibu na shingo linatoa nyepesi. Nzito mguu wa kushoto, nyepesi wa kulia. Na niligundua kitu ambacho hata mpiga ngoma hakukijua: baba haanzi na mdundo tupu akiwa kachoka. Anataka umwambie. Ukisema "Haya baba, kushoto!" halafu ukagonga, anaondoka.

Tulimpeleka hospitali ya mjini Shinyanga. Kulikuwa na dada mmoja wa mazoezi ya viungo, mpole, kavaa viatu vyeupe. Akamwambia baba tembea, baba akagandia. Mimi sikusubiri kuulizwa, nikapiga benchi la wagonjwa kwa viganja, baba akakata chumba kizima. Yule dada akafungua mlango akaita wenzake, "Njooni muone." Ikabidi turudie. Mimi nikaona kama tumeshinda mashindano. Alituelezea kwa maneno mepesi: huu ni ugonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, dawa ya kuumaliza hana, ila mguu haujafa. Amri ya kichwani ndo inachelewa njiani. Mdundo unaingia kwa sikio, unapita njia nyingine, unaukumbusha mguu zamu yake. Nikamuuliza, kwa hiyo mimi ndo dereva? Akacheka akasema, "Wewe ndo dereva."

Asingesema. Kuanzia siku ile nilikuwa sishikiki. Wenzangu walikuwa wanaendesha ng'ombe wa kulimia, mimi naendesha mtu mzima mwenye ndevu. Nikitaka aende haraka anaenda haraka. Nikiona dimbwi, naacha kupiga akiwa hatua moja kabla, baba anabaki mbele ya maji kama anajiangalia kwenye kioo. "We Mabula! Piga!" Nasema mkono umechoka. "Mabula, nitakuchapa!" Nasema njoo unichape, mimi nipo hapa. Hapo atatukana kidogo, halafu mabega yataanza kutingishika, anacheka, na mimi nacheka, napiga, tunavuka. Nataka mjue kwamba tulicheka sana. Hicho ndo kitu ambacho mpaka leo sijui nikiweke wapi.

Yule dada alisema kingine tukiwa tunaaga. Alisema, "Huyu mtoto naye aende shule. Mrekodini kwenye simu, mzee awe anasikiliza mwenyewe." Mimi nikanuna njia nzima. Yaani dereva niliyeajiriwa asubuhi, mchana naambiwa kuna mashine.

Baba alikuwa na simu ya vitufe, ya memori. Baada ya wiki akaniita nyuma ya nyumba. "Ng'wanawane," akasema, na akiniita hivyo, mwanangu kwa Kisukuma, najua kuna jambo, "piga kwa muda mrefu, usikosee, nikurekodi. Ukiwa shuleni nisikae kama gogo." Nikasema sawa, ila na mimi niongee. Akasema, ya nini? Nikasema dereva lazima asikike. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa atazoea simu akanisahau. Nikapanga kama nitawekwa humo ndani, basi niwekwe mzima mzima, na jina langu na amri zangu. Akakubali. Nikapiga mpaka mkono ukafa ganzi. Katikati mama akatokea jikoni akapiga kelele, "Mabula! Mwiko wangu uko wapi?" Baba akanionyesha kwa mkono, endelea, usisimame. Ukaingia wote huo, jogoo, mwiko na mama.

Halafu tukaanza mazoezi yenyewe. Na hapa ndo sehemu yangu ya ujinga, sogeeni karibu.

Wiki ya kwanza tulikwenda mpaka zizini na kurudi. Ya pili mpaka bombani. Ya tatu tukapita bomba. Kila siku baba anaongeza. Anatokwa jasho mpaka shati linabadilika rangi, ananiambia, "Bado, ng'wanawane, tuongeze." Mimi nikasema, baba, shule haiko mbali hivyo, tukifika kwenye kona tunakata kulia. Akasema, "Hapana. Tufike mpaka lami. Mguu ukiweza lami, shule ni nini?" Nikaona mzee ana akili. Nikawaambia wenzangu darasani, Sanamu anafanya mazoezi ya lami. Nikamwambia mwalimu aandike viti viwili, kimoja Mama Mabula, kimoja Baba Mabula, na cha baba kiwe mwisho wa mstari, asipate shida kusimama.

Tulipofika lami mara ya kwanza baba alisimama pembeni akaangalia magari muda mrefu sana. Machozi yakamtoka. Mimi nikadhani ni vumbi la malori, nikamwambia afumbe macho. Siku nyingine akaniuliza, "Ile ngazi ya pale dukani, unaweza kunipandisha?" Duka la njia panda lilikuwa na ngazi tatu za saruji, za juu kidogo. Nikamuuliza shuleni kuna ngazi gani? Akasema, "Jukwaani je? Kama wataniita niseme neno?" Wenzangu, nilikwenda nyumbani nikiwa naelea. Baba yangu anajiandaa kusema neno. Tulipanda zile ngazi tatu siku nne mfululizo, nabadilisha mdundo, naupunguza, nzito, ngoja, nyepesi, ngoja. Muuza duka akawa anapiga makofi. Ya nne akapanda peke yake mimi napiga tu kwa mbali, akageuka juu kule akaniangalia kwa uso ambao niliutafsiri kuwa ni furaha kwa ajili yangu.

Siku ya mahafali mama alitangulia, alikuwa kwenye kamati ya chakula. Alimpigia baba pasi koti la harusi yao, akamfunga vifungo kwa sababu ya mikono, akamrekebisha kola. Alimwambia, "Usichelewe Baba Mabula, watasoma kwa alfabeti," akaondoka anacheka, kavaa kitenge kipya. Nakumbuka harufu ya ile pasi ya mkaa kwenye koti. Mpaka leo nikipita kwa mtu anayepiga pasi ya mkaa, mdomo wangu unakauka.

Baba alikuwa na mkoba wa nguo begani. Nikauliza wa nini. Akasema kuna zawadi yangu. Nikaanza kuuangalia ule mkoba kwa heshima.

Tukaondoka. Haya baba, kushoto. Nilipiga vizuri siku ile kuliko siku zote, unajua kuna siku mkono unajiongoza. Tukafika kwenye kona ya kukata kulia, mimi nikakata. Yeye akaenda moja kwa moja. Nikasema baba, huku! Akasema, "Twende kwanza lami mara moja. Piga, usiache, nitaganda." Nikajua labda anataka watu wa dukani wamwone na koti. Hata mimi nilitaka wamwone. Nikampigia.

Basi lilikuwa limesimama, la kwenda Kahama, linaloendelea mpaka Geita. Konda ananing'inia mlangoni, "Wahi wahi wahi!" Baba hakusimama. Akaufuata mlango. Na mimi nyuma napiga, kwa sababu nilikuwa dereva, na dereva haachi mguu hewani. Alipofika kwenye ngazi za basi akaganda. Akageuza kichwa kidogo tu, hakunitazama usoni, alitazama dumu.

"Ule wa ngazi, ng'wanawane."

Nikapiga ule wa ngazi.

Nzito, ngoja. Nyepesi, ngoja. Ngazi tatu. Abiria wakaanza kupiga makofi kwa mdundo wangu, mama mmoja dirishani akapiga vigelegele, konda akasema, "Huyu dogo ni noma!" Nikainama kama msanii. Naapa, niliinama. Nilidhani anapanda kusalimia mtu. Mlango ukafungwa na mimi bado napiga, kwa sababu hakuniambia niache. Basi likaondoka, na nikakimbia nalo kidogo napiga, nikifikiri wakimshusha mbele atahitaji mdundo wa kurudi.

Nilisimama pale mpaka muuza duka akatoka. Akaangalia barabara, akaniangalia, akasema, "Kwani hukumuuliza anakwenda wapi?" Nikasema anarudi sasa hivi.

Nikaenda mahafali na dumu langu. Jina langu likasomwa nikasimama. Mama akasimama. Pembeni yake kuna kiti kimeandikwa Baba Mabula, cha mwisho wa mstari. Mtoto mmoja akanong'ona, "Sanamu yuko wapi?" Nikamjibu kwa sauti, "Imehamishwa makumbusho," watu wakacheka, mwalimu naye akacheka. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia dumu, na alikuwa ameshaelewa.

Nyumbani aliniuliza swali moja. "Ngazi za basi, kapandaje?" Nikamwambia nimempigia. Akakaa chini jikoni. Akasema polepole, hata siyo kwa hasira, "Mguu ulioshindwa kwenda chooni umeweza kwenda Geita." Halafu akachukua dumu, akachukua na mwiko kwenye mkono wangu. Mwiko akauosha. Dumu akalijaza maji, akalifunga mfuniko. "Kuanzia leo hili ni la maji." Nikiligonga likiwa limejaa lilikuwa halitoi sauti. Nilijaribu.

Hakukuwa na zawadi wala barua. Kulikuwa na simu iliyoondoka na sauti yangu, na taarifa zilizokuja kidogo kidogo kwa watu wanaotoka machimbo, kwamba yupo Rwamgasa, kwamba ana mwanamke huko, mwenye karasha, kwamba yupo naye tangu zamani. Mimi jambo lililoniuma zaidi nilikuwa naona aibu kulisema. Kuondoka, watu wanaondoka. Ila huyu alinifanyisha mazoezi. Kila hatua niliyomwongezea nilidhani anakuja kwangu, kumbe nilikuwa namhesabia njia ya kutoka. Yale machozi ya kwenye lami nilimwambia afumbe macho.

Sasa rudini kibandani. Nina hedifoni masikioni, mama yangu anaulizia mwiko, na mbele yangu kuna binti anasubiri.

"Unaitwa nani?" nikamuuliza.

"Kabula."

Nikashika meza. Mabula ni jina la mtoto wa kiume aliyezaliwa kwenye mvua. Wa kike ni Kabula. Huyu mzee anazaa masika tu. Halafu nikapiga hesabu, na nimeishia la saba lakini hiyo naiweza: yeye kama miaka kumi na miwili, mahafali yangu miaka kumi na moja iliyopita. Siku nampandisha ngazi za basi, huyu alikuwa tayari amezaliwa, labda anajifunza kutambaa. Kwa hiyo baba alikuwa anafuata hatua za kwanza za huyu. Sikuweza kumchukia. Ana masikio yangu.

"Naweza kuihamishia kwenye kadi mpya," nikamwambia. "Leo leo."

"Asante kaka. Na baba kasema, kama unaweza, utoe zile sauti. Yule mtoto, na yule mama wa mwiko. Ubakize dumu tu."

"Kwa nini?"

"Anasema zinamchanganya."

Nikasema hamna shida. Ndivyo nilivyosema, kama konda. Nikafungua ule wimbo kwenye kompyuta, nikaona mistari yake inapanda na kushuka, nikaanza kukata. Nikamkata mama. Nikakata jogoo, ambaye hana kosa. Nikajikata mimi, kila palipo na "haya baba", nikaunganisha vizuri mpaka mdundo hauonyeshi kidonda. Ni kazi nzuri niliyofanya, mtu asiseme. Vipande nilivyokata sikuvifuta, nilivitupa kwenye faili moja pembeni bila jina. Nikampa kadi. Akaniuliza kiasi gani, nikasema nenda tu. Nilimwangalia anavyokimbia, akapinda nyuma ya karasha.

Mnaona? Mara ya pili. Amenitumia salamu, ajue asijue kama ni mimi, nijitoe mwenyewe, nikajitoa mwenyewe, kwa mikono ile ile. Jioni nilipomweleza mama kwa simu aliuliza kama nimekula.

Kesho yake sikuwa nimefungua hata mlango wote. Kabula alikuwa amekaa kwenye tofali, kadi mkononi, anahema.

"Kaka, hii haifanyi kazi."

"Inakata?"

"Haikati. Dumu linapiga vizuri. Ila baba haanzi. Anasubiri yule mtoto amwambie." Akanyoosha ule mkono wenye kadi. "Kaka, mrudishe. Baba kasimama mlangoni tangu alfajiri."